Nyumba ya Wageni Yenye Nyota Moja

Kazi yangu mtu akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani namtania. Naweka biashara za watu kwenye ramani ya simu. Nina steshenari Biharamulo mjini, ya kudurufu karatasi na kupiga picha za pasipoti, lakini tangu simu kubwa zienee, muda wangu mwingi unaishia huko. Fundi pikipiki anakuja, mama wa saluni anakuja, muuza mbolea anakuja. Namwandikia kila mmoja jina la biashara yake lisomeke vizuri, namba ile ile iliyo kwenye bango lake, saa za kufungua na kufunga, na picha ambazo hazina kidole cha mpigaji pembeni. Kisha namweleza kwamba mgeni akiandika "gereji karibu na mimi", simu haijui fundi mwaminifu ni nani. Inampeleka kwa aliye karibu, anayeeleweka, na aliyepewa nyota nyingi na watu. Hapo kwenye nyota huwa natulia na kueleza polepole, mpaka wengine wanaona nawadharau. Wananiangalia kama vile nawafundisha kuhesabu. Sijali. Nina sababu yangu, na sababu yenyewe iko Benaco, wilaya ya Ngara, kwenye nyumba ya wageni ya mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alipofariki nikiwa bado sijaanza shule, yeye ndiye aliyenichukua, na nimekulia kwenye nyumba hiyo ya wageni, vyumba vya matofali ya kuchoma vilivyopangana mstari mmoja, mgahawa mbele, migomba nyuma. Aliianza mwaka wa wakimbizi wa Rwanda, Benaco ilipojaa watu mpaka vilima vikabaki bila mti. Wakati huo hakuwa na nyumba, alikuwa na sufuria tu. Aliwapikia uji na maharage madereva waliokuwa wakileta chakula kambini. Kambi ilipofungwa na watu kurudi kwao, wengi wa waliokuwa wakifanya biashara pale waliondoka. Yeye alibaki, akafyatua matofali.

Kwa miaka mingi hakuhitaji ramani ya mtu yeyote. Barabara ile ya kwenda mpakani Rusumo ilikuwa na majambazi, magari yakipita kwa msafara wa askari, na dereva aliyechelewa msafara alilala alipokuwa. Walilala kwa mama mkubwa. Alikuwa na tabia moja ambayo nilipokuwa mdogo iliniudhi sana, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa: mgeni akishuka tu kwenye lori, kabla hajaulizwa jina wala hajasema kama atalala, anapewa ndoo ya maji ya moto. Kule kwetu vilimani kuna baridi, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na maji ya moto ya kuni si kitu kidogo. Nilimwuliza siku moja, je, akioga akaondoka? Akasema, "Basi ataondoka akiwa safi."

Majambazi waliisha, tunamshukuru Mungu. Misafara nayo ikaisha, na madereva wakaisha pamoja nayo. Wazee waliomzoea walistaafu, au magari yao yakauzwa. Waliokuja nyuma yao ni vijana ambao hawamuulizi utingo wala mwenye duka. Anaondoka Nyakanazi, anashika simu, anaangalia mbele kuna nini, na kabla hajafika Benaco ameshachagua pa kulala. Na juu kidogo ya barabara ilikuwa imejengwa gesti mpya yenye vigae mpaka nje na taa za rangi. Nilikwenda kumsalimia mama mkubwa wakati huo nikamkuta amekaa mgahawani peke yake, sufuria ya ndizi na maharage imefunikwa, haijaguswa. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kunipakulia akisema nile, nile, na nilielewa kwamba ananipakulia chakula cha watu ambao hawakuja. Iliniuma sana. Nilijiambia nyumba hii haitafungwa na mimi nipo, maana kama kuna kitu kimoja duniani ninachokijua, ni hiki cha kufanya biashara ionekane.

Nikafanya kazi kwa nguvu zangu zote. Niliweka alama ya nyumba mahali penyewe hasa, si katikati ya porini kama wengine wanavyofanya. Nilipiga picha za vitanda, za chandarua, za ndoo yenyewe ikitoa mvuke. Niliandika maneno ambayo dereva angeyaandika: gesti, Benaco, njia ya Rusumo, maegesho ya malori, maji ya moto. Kila kitu nilikisajili kwa simu ya mama mkubwa, kwa sababu nilitaka kiwe chake na si changu. Kilichobaki ni nyota. Nyumba isiyo na nyota ni kama haipo.

Jumapili iliyofuata nilisimama nje ya kanisa baada ya misa. Hakuna mtu pale ambaye hakuwahi kula mkononi mwa mama mkubwa. Walikuwapo wanakwaya, walikuwapo watu waliotoka Mabawe na Rulenge, na familia za Kirundi zilizokuwa zikilima vibarua mashambani huko na kusali nasi. Niliwaonyesha jinsi ya kufungua, nikawaambia, "Mpeni nyota, kila mtu kwa moyo wake, na mwenye neno aandike." Sikutaka kuwapangia. Nilijua wanampenda, na mtu anayependa hafundishwi. Basi la Biharamulo likapiga honi, nikaondoka nikiwaacha wamekusanyika, wenye simu kubwa wamezungukwa na wasio nazo, wanacheka, wanaelekezana. Njiani nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka leo inanitia hasira.

Ulikuwa msimu wa fomu za shule. Steshenari ilijaa, sikupata hata nafasi ya kunywa chai, na sikufungua ile ramani. Mama mkubwa mwenyewe simu yake aliitumia kupigia na kupokelea tu, hayo mengine aliyaona kama mambo ya ndani ya redio, yanafanya kazi yenyewe bila kufunguliwa.

Aliyeleta habari ni dereva mmoja wa zamani, wa mwisho katika wale waliobaki. Alishuka, akaoga, akala, na wakati wa kuaga akamwambia mama mkubwa kwa huruma, "Mama, una maadui hapa kijijini. Kwenye simu wamekuharibia. Vijana wangu wamekataa kulala hapa, wamepanda juu kule."

Mama mkubwa hakunipigia. Alikaa na jambo lile. Akaanza kuwahesabu majirani zake mmoja mmoja kichwani, nani aliwahi kumkosea, nani alimnunia kwenye msiba, nani alikataliwa mkopo wa unga. Kwenye jumuiya akawa anasali na kuondoka bila kunywa chai na wenzake. Mwanamke mmoja wa Mabawe, rafiki yake tangu ujana, aliyekuwa akiimba naye sauti moja kwenye kwaya, alipita kumsalimia akajibiwa kwa kichwa. Niliyasikia haya kwa watu wengine, nikampigia, na ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwanangu, nimewafanyia nini?"

Nikafungua ramani pale pale, mteja akiwa mbele yangu na picha zake za pasipoti hazijakatwa. Nyota moja. Nyingine moja. Nyingine moja. Ukurasa mzima ulikuwa nyota moja moja, na katikati yake tano za madereva wawili watatu zimepotea. Kisha nikasoma maneno yaliyo chini yake. "Mama huyu hana mpinzani." "Chakura chake ni namba wani Benaco nzima." "Alimuuguza mume wangu bila kudai kitu, wa kwanza kwa roho nzuri." Moja lilikuwa la familia ya Kirundi: "Urakoze cane mama. Imana iguhezagire. Mtoto amepona." Ahsante sana mama, Mungu akubariki. Nyota moja.

Niliwahi basi la mchana. Nilishukia Benaco nikaenda moja kwa moja mpaka Mabawe, kwa yule mwanamke wa kwaya, kwa sababu nilitaka kusikia kwa mdomo wa mtu. Alikuwa anapura maharage uani. Nilimwamkia, nikamwuliza alimpa mama mkubwa nyota ngapi.

"Moja," akasema, na uso wake ulikuwa na fahari. "Mwalimu mmoja mstaafu alitueleza pale pale kanisani. Alisema mwanafunzi mwenye akili anapata wani, anayefuata tuu, na kule chini kwenye foo ndiko wanakofeli. Sasa faivu si ndiyo ziro yenyewe? Tukasema, huyu mama tunampa wani."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Hawakukosea kitu, kwa namna walivyofundishwa kuhesabu. Nchi hii nzima mtoto anayekuja na divisheni wani anachinjiwa kuku. Wa kwanza darasani ni wa kwanza. Hakuna mzazi aliyewahi kufurahi kwamba mwanawe ni wa tano. Ni yule aliyeitengeneza ramani, huko alikoketi, asiyejua kwamba kuna watu duniani ambao moja kwao ndiyo juu kabisa.

Nikamweleza yule mama. Nilieleza taratibu, lakini hakuna namna ya kusema jambo kama hilo taratibu. Aliweka fimbo yake chini. Akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuzia wageni?" Nikasema si yeye, ni simu. Hakunisikia. Siku iliyofuata alipanda kutoka Mabawe kwa miguu, kuku amembeba kwapani, akaingia kwa mama mkubwa, akapiga magoti kwenye sakafu ya mgahawa, akaomba radhi.

Mama mkubwa alimwinua, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Yule alipoondoka akanigeukia mimi. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata nilipovunja chungu cha marehemu bibi.

"Mtu amekupa kitu kwa moyo wake," akasema, "unamfuata nyumbani kumwambia kimeoza?"

"Mama mkubwa, nilikuwa naokoa nyumba."

"Ulipokuwa mdogo tukiletewa rubisi imechacha, nilifanyaje?"

Alikunywa. Nakumbuka vizuri. Alikunywa kibuyu kizima cha ile pombe ya ndizi iliyochacha, akashukuru, akarudisha kibuyu kikiwa na maharage ndani, na wala aliyeileta hakujua. Ndivyo kwetu zawadi inavyopokelewa. Akaniambia nisiende tena kwa mtu yeyote. Wala nisimtumie mtu. Kisha akatabasamu, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, akasema, "Kumbe wananipenda. Mimi nilikuwa nimeshawanunia." Alivaa kitenge akatoka kwenda kuwasalimia majirani, nyumba hadi nyumba, kana kwamba ndiye aliyerudi kutoka safari.

Yeye akawa amepona. Nyumba haikupona. Nilijaribu yote ninayoyajua bila kuvunja amri yake. Chini ya kila neno niliandika jibu, nikaeleza kwamba mteja huyu alimaanisha nafasi ya kwanza. Nani anasoma? Dereva yuko kwenye mteremko, anaangalia tarakimu, anaendelea. Niliwaandikia wenye ramani, nikajibiwa upesi, kwa adabu, kwamba maoni hayo yamechunguzwa na hayavunji kanuni yoyote. Nilikaa nikiitazama ile adabu yao nikatamani kuitupa simu ukutani. Hata kama mama mkubwa angeniruhusu kuwafuata watu, nusu yao nisingewapata. Simu zilikuwa za kuazima, nyingine zimeuzwa Ngara mjini. Na zile familia za Kirundi zilikuwa zimeanza kurudi kwao. Niliziona siku moja zikipita, magodoro na sufuria na mbuzi juu ya gari, mama mkubwa amesimama barabarani anawapungia. Ile iliyoandika kwamba mtoto amepona ilikuwa humo. Laini yao ya Tanzania ingekufa baada ya mpaka, na nyota yao ingebaki.

Ilibaki njia moja, na katika kazi yetu ni ya kawaida. Unaifuta biashara yote kwenye ramani, unaianza upya kwa jina jipya na namba mpya, kama imezaliwa jana. Hakuna wa kufuatwa, hakuna wa kuaibishwa. Nilimweleza mama mkubwa tukiwa tumekaa jikoni, moto umewashwa wa ndoo ambazo hazikuwa na mwenyewe. Aliuliza swali moja tu.

"Na yale maneno?"

"Yataondoka."

"Yote? Na la yule Mrundi?"

"Yote, mama mkubwa."

Akaniambia nimsomee. Nikamsomea, moja baada ya jingine. La Mrundi alitaka nilirudie. Alilisikiliza amefumba macho, midomo yake ikifuata Kirundi kile ambacho hakitofautiani sana na Kihangaza chake. Nikajua jibu kabla hajalisema.

"Acha," akasema.

Niligombana naye. Sina haja ya kujifanya mpole. Nilimwambia maneno hayalipi umeme, maneno hayapaki bati rangi, wale watu wameondoka na hawatarudi kuangalia kama waliyoyaandika bado yapo. Akasema ndiyo sababu. Akasema hawana kingine walichokiacha hapa. Mashamba waliyolima yalikuwa ya watu, nyumba walizokaa zilibomolewa. "Kama mmoja wao siku moja akinitafuta huko kwenye simu," akasema, "akute nimelipokea." Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naona kwamba ana haki, na mambo hayo mawili hayakusaidiana.

Nyumba ikafa polepole. Kwanza alizima jiko la mgahawa. Kisha akauza vitanda, kimoja kwa shule, vingine kwa yule mwenye gesti ya vigae, ambaye kwa kweli alimlipa vizuri na kumwita mama. Vyumba wakavikodi wafanyabiashara wa mahindi. Mara ya mwisho nilipoingia kwenye chumba nilichokuwa nikilala nikiwa mtoto, magunia yalikuwa yamefika dirishani, na harufu ilikuwa ya vumbi na dawa ya wadudu. Mama mkubwa alikuwa nje anamwagilia maua ya mlangoni, kwa sababu alisema watu wa mahindi nao ni wageni. Nikamwambia funga mizigo, twende Biharamulo. Hakubisha, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Sasa anakaa nami. Anakuja steshenari asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anawasalimia wateja na kuwauliza kwao ni wapi. Nimemkuta mara mbili akimpa mtu maji ya kunawa. Amezeeka upesi. Mikono yake haina kazi, anaikunja na kuikunjua.

Siku moja aliniomba nimfundishe kufungua ramani kwenye simu yake. Nilidhani anataka kusoma mwenyewe maneno ya watu wake. Nikamwonyesha pa kubonyeza, akafanya peke yake, ameishika mbali na macho, mimi nikarudi kwenye mashine yangu. Baadaye kidogo simu yangu ikalia. Steshenari yangu ilikuwa imepata maoni mapya, yenye jina la mama mkubwa, hayana neno hata moja. Nyota zilikuwa tano.

Nikamwangalia. Alikuwa ananisubiri nifurahi.

"Nimebonyeza zote," akasema. "Nilihesabu vizuri, wasije wakakufungia na wewe."

Nikamwambia ahsante, mama mkubwa, umefanya vizuri sana. Alifurahi, akarudi kwenye kiti chake. Nikainama kwenye mashine nikajifanya natoa karatasi iliyonasa, maana machozi yalikuwa yananitoka na kulikuwa na mteja dukani. Nyota tano nimepewa na watu wengi, hata wasionijua. Kwake yeye nilitaka ile moja.